Kioo Kilichobaki Mfukoni

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2087. Asubuhi hiyo Tukuyu iliamkia ukungu mzito na manyunyu ya baridi, yale yasiyomlowanisha mtu kwa mara moja bali humwingia taratibu mpaka kwenye mifupa.

Subilaga, ambaye wengi walimwita Mama Ipyana, alipanda kilima cha kanisa akiwa na begi la kamera mgongoni na stendi yake begani, akisimama kila mara kupumua. Magoti yalimuuma. Umri ulikuwa umemkalia, na kwa muda mrefu sasa sala yake ya alfajiri ilikuwa fupi: alimwomba Mungu nguvu za siku hiyo, za kesho hakuzidai.

Alikuwa ameitwa kupiga picha ya matangazo. Katika kanisa lile, ndoa haikufungwa mpaka itangazwe Jumapili tatu, na kila Jumapili picha ya wachumba ilitundikwa mlangoni, kubwa, ya karatasi, ili kila aingiaye azitazame nyuso zao na mwenye neno aseme. Katika picha hiyo wachumba walisimama mbele ya madhabahu, mchungaji na wazee wa kanisa pembeni, kwaya nyuma. Picha ya simu haikukubaliwa. Ndiyo maana walimwita Subilaga, kwa sababu ni yeye peke yake aliyebaki na kamera ya lango.

Kamera za lango zilitengenezwa wakati wa homa ya bonde, ule ugonjwa wa kuambukiza, zikasimamishwa kwenye viingilio vya miji kuwaangalia wapitao. Malango yalipobomolewa, kamera ziliuzwa kwa wapiga picha, kila moja na sharti lake: isipige picha ya mtu bila sitara. Sitara lilikuwa jina la kichujio, kioo chembamba cha duara, chenye ukijani uliofifia, kinachofungwa mbele ya lenzi kwa kuzungushwa. Kazi yake ilikuwa kuzuia mwanga wa infraredi, ule uliopita rangi nyekundu, ambao jicho la mtu haliuoni lakini kamera ile iliuona vizuri sana. Kwa miaka yote ya kazi yake Subilaga hakuwahi kupiga picha ya mtu bila kioo hicho.

Ndani ya kanisa kulikuwa na baridi. Bwana harusi mtarajiwa, Lusajo, kijana anayerusha ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashamba ya chai, alikuwa amevaa suti nyeusi iliyombana mabegani. Mchumba wake Atupele, fundi wa mashine za kuchuma chai, alikuwa amesugua mikono yake kwa limau, lakini weusi wa oili ulikuwa bado umelala kwenye kucha. Alipoona Subilaga anaitazama mikono hiyo, aliificha nyuma na kucheka.

"Mama Ipyana, nipige kuanzia viwiko kwenda juu."

"Nitakupiga ulivyo," Subilaga alisema. "Umeshapendwa na hiyo oili, sasa unaogopa nini?"

Kwaya ilipoingia, ukungu uliingia nayo. Subilaga alichungulia kwenye kamera akaona kila kitu kimefifia. Sitara ilikuwa imeshika mvuke. Akaifungua, akaanza kuifuta kwa pindo la kanga. Hapo ndipo Mzee Ambakisye, mkubwa wa wazee wa kanisa, aliposema, "Tuombe."

Kwa watu wale, sala ikianza, hakuna mkono unaoendelea na kazi. Hata mpishi wa sherehe huacha mwiko ndani ya sufuria. Subilaga alitumbukiza kioo kwenye mfuko wa sweta, akafumba macho.

Sala za Mzee Ambakisye zilijulikana wilaya nzima. Alianza na kuumbwa kwa mbingu na nchi, akaja kwenye mvua, akaiombea serikali, chai na bei yake, akawaombea wagonjwa kwa majina. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza alimnong'oneza mwenzake kwamba sasa mzee yuko kwa Nuhu na safari bado ni ndefu. Subilaga, aliyelala vibaya usiku kwa sababu ya magoti, alijikuta anayumba akiwa amesimama. Joto la watu lilimtuliza. Alipoisikia amina, aliifuata kama mtu anayeamshwa garini na kuambiwa amefika.

"Mama Ipyana, piga upesi," Lusajo alisema, "kabla mzee hajakumbuka jambo lingine."

Kanisa zima liliangua kicheko, na Mzee Ambakisye mwenyewe akacheka. Ndani ya kicheko kile Subilaga alibonyeza.

* * *

Alipofika studio aliwasha mashine ya kuchapa, akaweka maji ya chai jikoni, akarudi na kikombe. Picha ilikuwa imetoka nusu. Kwa muda kidogo aliifurahia tu. Miaka mingi hakuwa amepata picha hai namna ile: vinywa vimefunguka, Atupele ameegemea bega la Lusajo, mchungaji ameshika tumbo.

Kisha akaona joho la mchungaji. Lilikuwa zambarau.

Kwanza alidhani wino umeharibika. Lakini ngozi za watu zilikuwa na rangi yake, na maua ya madhabahu yalikuwa meupe sawasawa. Suti ya Lusajo, nyeusi tii asubuhi ile, ilikuwa rangi ya zabibu mbivu. Sketi za kwaya vilevile. Ni koti la sufu la Mzee Ambakisye tu lililobaki jeusi. Subilaga hakuhitaji kuelezwa. Nguo nyeusi za nyuzi za kiwandani huonekana nyeusi kwa macho, lakini infraredi huzigonga na kurudi. Kamera isiyo na kichujio huuchanganya mwanga huo na rangi nyingine, na weusi hugeuka zambarau. Aliingiza mkono mfukoni mwa sweta. Kioo kilikuwa humo, baridi, na uzi wa kanga umenasa ukingoni.

Sheria ilisema wazi: picha iliyopigwa bila sitara ifutwe papo hapo, isitazamwe. Alinyoosha mkono kuifuta. Lakini macho hayangoji ruhusa ya mwenyewe, na yake yalikuwa yameshafika kwenye paji la uso la Atupele.

Muhuri ulikuwa pale. Duara na mistari mitatu, wa wino ule waliopigwa chini ya ngozi wote waliougua homa ya bonde wakapona, ili malango yawatambue. Wino usiofutika wala kuonekana, ila kwa kamera kama hii. Wa Atupele haukuwa na kingo kali kama mihuri aliyoiona kwenye mafunzo. Ulikuwa umetanuka na kupinda, duara limekuwa kama yai. Ulipigwa kwenye uso wa mtoto mchanga, nao ukakua pamoja na uso.

Subilaga aliketi. Chai ilipoa.

Alikumbuka kwa nini sitara iliwekwa. Malango yalipoondoka, watu walianza kununua kamera na kuwapiga majirani picha kwa siri. Nyumba zilichomwa, wake walirudishwa kwao, na watoto walikaa peke yao madarasani. Bunge likapitisha sheria: muhuri ni siri ya aliye nao. Ni yeye na mzazi wake tu wenye haki ya kuutaja. Mwingine akiutaja, hata kwa huruma, ni kifungo. Siku sheria ilipopita, Subilaga alifunga na kuomba akishukuru. Aliiamini mpaka leo.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, ambalo kila mwenye muhuri alifundishwa na wazazi wake. Homa ile haitoki yote. Hulala kwenye mifupa, haimdhuru mtu wala anayeishi naye, mpaka mwanamke apate mimba. Hapo huamka na kumfuata mtoto tumboni, huyo mwanamke asipopewa dawa tangu miezi ya mwanzo. Wenye kujua walipata dawa na kuzaa salama. Na Atupele mwezi uliopita alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile cha studio akimsimulia Subilaga kwamba anataka watoto wanne, wafuatane, Mungu akipenda, na kwamba yeye hajawahi kuugua hata mafua. Aliyeongea hivyo hakuwa mtu anayejua.

* * *

Mama Atupele alikuwa barazani kwake akimenya ndizi. Alimkaribisha Subilaga, akamwuliza habari za magoti, akamsogezea kigoda. Subilaga alisema kwa sauti ya chini kwamba picha imeharibika, kwa sababu aliipiga bila kioo.

Kisu kilisimama.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi ifute. Tuendelee kuishi."

Subilaga hakuinuka, na kwa kuwa hakuinuka, yule mama alisimulia mwenyewe, akimenya huku haangalii. Alikuwa mpishi katika kambi ya wagonjwa. Mwanamke mmoja kijana aliletwa na homa akiwa na kichanga, akafa siku chache baadaye. Kichanga kilipona, kikapigwa muhuri kikilia. Kambi ilipofungwa, kila mtu alidaiwa blanketi na sahani, lakini mtoto hakuna aliyemdai. Akambeba mgongoni kwa kanga safi, akatoka naye getini kama wake. Mungu hakumpa mwingine.

Kuhusu dawa alikuwa ameshafikiri. Ndugu yake angempatia, na mimba ikionekana angeitia kwenye uji wa binti yake bila yeye kujua.

"Miezi tisa, dada?" Subilaga aliuliza.

"Nimemficha miaka ishirini na mitano. Miezi tisa ni nini?"

"Na wanahamia Njombe baada ya harusi. Lusajo amepata kazi huko. Uji utaupikia wapi?"

Mama Atupele alichukua ndizi nyingine. Subilaga akasema tena, taratibu, kwamba yeye sheria inamfunga mdomo, lakini mzazi haimfungi. "Mwambie wewe. Wewe ndiye mama yake."

"Nikimwambia, swali lake la pili litakuwa mama yake ni nani." Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Nitamjibu nini, Mama Ipyana? Niambie wewe unayejua kutazama watu."

Kisha akaleta Biblia, akaiweka juu ya kigoda, akamwomba aape kwamba hatasema kamwe. Subilaga aliutazama ule mkono uliokauka utomvu wa ndizi juu ya jalada. Alisema hawezi kuapa. Alisema pia kwamba hajui kama atasema. Huo ndio ukweli wote aliokuwa nao, na haukumsaidia yeyote. Alipoondoka, Mama Atupele alimfungashia mkungu mdogo wa ndizi, kwa kuwa hakuna mgeni aliyetoka nyumba ile mikono mitupu, hata baada ya maneno kama yale. Wote wawili walikuwa na machozi, na hawakuagana vizuri.

Jioni ile Subilaga alipiga magoti kwa shida kando ya kitanda. Alimwambia Mungu kwamba sheria ile ni njema na alimshukuru kwa ajili yake. Alimwambia kwamba mtoto asiyezaliwa naye ni wake Mungu, na kwamba yeye Subilaga amechoka, wala hajui jema lipi lipishwe na jema lipi. Hakusikia sauti. Alichopewa ni usingizi, akaupokea kama jibu la siku hiyo.

Jumapili matangazo yalisomwa bila picha. Mchungaji Mwasumbi aliuliza kama kuna mwenye neno, akangoja kama ilivyo desturi. Subilaga alishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Safu ya tatu, Mama Atupele alikuwa ameinamisha kichwa kuliko mtu anayeomba. Hakuna aliyesema. Mchungaji akageuza ukurasa.

* * *

Jumatatu mchana Atupele aliingia studio na ovaroli la kazini, bisibisi mbili mfukoni.

"Shikamoo, Mama Ipyana. Watu wananiuliza kama Lusajo amenikimbia. Mlango wa kanisa mtupu."

Subilaga aliitikia marahaba. Alikuwa na uongo tayari, uongo mdogo, usio na madhara kwa kuutazama: ukungu uliharibu picha, warudie keshokutwa. Aliuanza. Alisema ukungu ulikuwa mwingi siku ile, kwamba kioo kilishika mvuke, kwamba akakifungua. Hapo akasimama, kwa sababu maneno yote aliyokwisha kusema yalikuwa kweli na lililofuata ndilo lingekuwa uongo wa kwanza.

"Sikukirudisha," alisema. "Picha ilitoka. Niliipiga bila sitara."

Atupele alikuwa na akili ya fundi. Aliyasikia yaliyosemwa na yasiyosemwa. Tabasamu lilimtoka polepole.

"Ni nani? Lusajo?"

Subilaga alichukua kifuniko, akafunika lenzi ya kamera.

"Ni Lusajo, au ni mimi?"

Nje gari la chai lilipita, vioo vya dirisha vikatetemeka kidogo. Subilaga angeweza bado kunyamaza. Alijua kifungo ni cha miaka mingapi, na alijua kwamba mtu mwingine mwenye haki ya kusema alikuwa hai, umbali wa kutembea. Lakini huyo alikuwa ameomba aachwe asiseme, na binti alikuwa mbele yake anauliza.

"Ni wewe, mwanangu."

Atupele alikaa kwenye kiti cha wateja. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, kana kwamba jambo lile lingekuwa viganjani. Kisha akaomba kuiona picha. Subilaga alimwambia anaweza kuifuta bila kuitazama, na kwamba hakuna wa kumlazimisha. Atupele alisema mashine haitengenezwi kwa kuogopa kuifungua. Akaitazama muda mrefu. Aliufuatisha muhuri kwa ncha ya kidole, karibu na karatasi bila kuigusa.

"Umevutika," alisema. "Huu ulipigwa nikiwa mdogo sana. Kichwa kama ngumi."

"Ndiyo."

"Mama anajua?"

"Hilo mwulize yeye. Langu nimekuambia, na tayari ni zaidi ya ninaloruhusiwa. Lakini dawa ipo, Atupele. Ndiyo sababu nimesema. Ukiianza mapema, mtoto anazaliwa mzima."

Atupele alitikisa kichwa kukubali, kama anayesikiliza maelekezo ya kazi. Hakulia. Aliichana picha vipande, akavitia mfukoni pamoja na bisibisi. Mlangoni aligeuka akauliza kama wote walikuwa wanacheka vile kweli, au ni picha tu. Subilaga alimwambia walikuwa wanacheka kweli.

* * *

Jumanne alasiri walikuwa sita katika ofisi ya mchungaji, chumba chenye viti vya watu wanne. Atupele ndiye aliyewaita: Mchungaji Mwasumbi, Mzee Ambakisye, Lusajo, Mama Atupele, na Subilaga, aliyekuja na begi la kamera kwa sababu zake. Mvua ilikuwa imekatika lakini bati lilikuwa bado linadondosha.

Atupele alisema yote akiwa amesimama: muhuri, kambi, homa inayolala, dawa. Usiku uliotangulia mama yake alikuwa amemsimulia mpaka mwisho, na sasa alikuwa ameketi kwenye kona amejifunika kanga usoni. Atupele alipofika kwenye habari ya mwanamke aliyefia kambini, ambaye hata jina lake halikujulikana, aligeuka akaitazama kona ile. Kisha akaendelea.

Mzee Ambakisye aliuliza nani aliona muhuri huo. Subilaga akanyanyua mkono. Alieleza kuhusu kioo na sala, na akasema kwamba Alhamisi atakwenda Mbeya kwenye Idara ya Sitara kuipeleka kamera na kusema alichofanya. Mzee alimwambia kwamba walio humu wote ni watu wa kusitiri, hakuna haja. Subilaga alijibu kwamba sheria ile bado anaipenda. Ameivunja kwa sababu hakuona njia nyingine, si kwa sababu ni mbaya, na hataki kesho mwingine aivunje kwa udaku akimtaja yeye kama mfano. Aliliweka begi mezani. Aliuona mgongo wake mwepesi, na akaona aibu kidogo kwa wepesi ule.

Kisha wote wakamtazama Lusajo. Hakuwa amesema neno tangu aingie. Alikuwa ameegemea ukuta, anachezea ufunguo. Mchungaji alimwambia kwa upole kwamba hakuna atakayemlaumu akiomba siku za kufikiri, na matangazo yanaweza kusimama.

"Hiyo dawa," Lusajo alisema hatimaye, "inapatikana Njombe, au ni Mbeya tu?"

Subilaga alisema ipo hospitali zote kubwa.

"Basi twende kabla ya harusi. Tujue tunaanzaje." Alisogea kutoka ukutani, akasimama upande wa Atupele. Sauti yake haikuwa ya furaha. Ilikuwa ya mtu aliyepewa mzigo akaupima kabla ya kuuinua. "Nimekasirika, sitadanganya. Sijui nimkasirikie nani. Lakini Jumapili matangazo yasomwe."

Mchungaji alimwuliza Atupele kama ana la kuongeza kabla hawajaomba. Atupele alikwenda kwenye kona, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshusha kanga usoni taratibu mpaka akaona macho yake. Akamshika mikono yote miwili. Aliongea kwa sauti, ili wote wasikie.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi watano, naahidi. Mungu akinipa mtoto, nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, akiwa bado mdogo wa kukaa mapajani. Nitamwambia kwamba ana bibi aliyefia kambini, na ana bibi aliyenitoa humo mgongoni, na wote wawili ni wake. Hatalisikia kwa mtu mwingine."